Stenti, mpira wa mkojo na gesi: kupunguza maumivu baada ya upasuaji wa njia ya mkojo kwa kamera

NesiZamu:
Salaam wakuu. Naandika upya karatasi ya maelekezo anayopewa mgonjwa siku ya kuruhusiwa baada ya upasuaji wa njia ya mkojo usio na mkato mkubwa: mawe yaliyotolewa kwa kamera, tezi dume iliyokwanguliwa kwa kamera, na upasuaji wa matundu tumboni. Karatasi ya zamani inasema tu "meza dawa za maumivu, kunywa maji mengi". Haitoshi. Malalamiko yanayorudi ni yale yale matatu.

La kwanza, mwenye stenti (mrija mdogo unaoachwa ndani kutoka figo hadi kibofu) anaumwa ubavuni kila akikojoa, na kila nusu saa anakimbilia chooni. Anaongezewa dawa ya maumivu, hali haibadiliki. La pili, mwenye mpira wa mkojo anabanwa ghafla na mkojo unapita pembeni ya mpira. Kila mtu anadai awekewe mpira mnene zaidi. La tatu, aliyefanyiwa upasuaji wa matundu haumwi sana tumbo, anaumwa bega, na ndugu zake wanadhani ni moyo.

Naomba wanaolijua hili waseme ni nini hasa kinachouma katika kila hali, dawa ipi inajibu kipi na kwa kipimo gani, na wapi tunakosea. Maelezo yawe ya kutosha kuandikwa kwenye karatasi.

KameraNaMawe:
Nesi, umeuliza vizuri kwa sababu umetenganisha. Kosa kubwa ni kuyaita yote "maumivu ya upasuaji" kisha kupanda ngazi ya dawa kali. Nianze na stenti, ndiyo inayosumbua wengi.

Stenti ni kijirija laini cha plastiki chenye urefu wa sentimita 22 hadi 28 na unene wa kama milimita 2. Ncha zote mbili zimejikunja duara. Duara la juu linakaa ndani ya figo, la chini ndani ya kibofu, na ndiyo maana hakitoki chenyewe. Kazi yake ni kuacha mkojo ushuke wakati ukuta wa mrija wa figo umevimba baada ya kupitiwa na kamera. Bila hicho, uvimbe unaweza kuziba mrija na mgonjwa akarudi na maumivu kama ya jiwe lenyewe.

Tatizo ni kwamba kinaleta maumivu ya aina mbili tofauti. Ncha ya chini inasugua kitako cha kibofu, sehemu yenye mishipa mingi ya fahamu, na kibofu kinadhani kimejaa hata kikiwa na vijiko vichache vya mkojo. Hapo ndipo panatoka haraka ya kukojoa, kwenda mara kwa mara, na ule uchungu unaochoma mwishoni mwa mkojo kibofu kinapojikunja juu ya plastiki.

Ya ubavuni ni jambo jingine. Kwa kawaida pale mrija wa figo unapoingia kibofuni pana mlango unaojifunga mtu anapokojoa, mkojo usirudi juu. Stenti imepita katikati ya mlango huo, kwa hiyo umebaki wazi. Mgonjwa akikojoa kwa kusukuma, presha ya kibofu inapanda moja kwa moja hadi figo, na figo inavimba kwa sekunde chache. Anashika ubavu na kusema "operesheni imeharibika". Haijaharibika. Lakini kidonge cha maumivu hakiwezi kufunga mlango uliowekewa mrija, na ndiyo sababu kukiongeza mara mbili hakusaidii.

Maelekezo ya kuandika kwa ya ubavuni: akojoe akiwa amekaa, mwanaume pia. Asisukume hata kidogo, aache mkojo utoke kwa nguvu yake. Asisubiri kibofu kijae, aende kila baada ya saa 2 hadi 3 mchana hata kama hajabanwa. Akimaliza akae nusu dakika, ainame mbele kidogo, ajaribu tena. Na asifunge choo! Utumbo uliojaa unakibana kibofu kwa nyuma, na kusukuma choo kigumu kunapandisha presha ile ile.

Maji ni lita 2 hadi 2.5 kwa siku kwa mtu asiye na ugonjwa wa moyo au wa figo unaomlazimu kupunguza maji. Ayagawe, glasi moja kila saa moja hivi, si lita nzima kwa mkupuo. Wagonjwa wengi wakisikia "maji mengi" wanakunywa chupa nzima mara moja, figo inamwaga mkojo kwa kasi, kibofu kinajaa ghafla, na maumivu yanakuwa makali kuliko ya yule asiyekunywa. Saa 2 kabla ya kulala apunguze ili apate usingizi.

Kwa dawa, tamsulosini miligramu 0.4 mara moja kwa siku ndiyo ya kuanza nayo. Inalegeza misuli ya sehemu ya chini ya mrija wa figo na ya shingo ya kibofu. Haraka ya kukojoa ikibaki, ongeza dawa ya kutuliza kibofu, kwa mfano solifenasini miligramu 5 mara moja kwa siku. Kabla ya kuongeza, hakikisha anakojoa na kumaliza. Diklofenaki au ibuprofeni inasaidia mrija unaokaza, kwa mgonjwa ambaye figo zake zinaruhusu.

Damu nayo iandikwe waziwazi, maana inatisha. Mkojo wa waridi au mwekundu hafifu unaweza kuja na kuondoka muda wote stenti iko ndani, na huongezeka baada ya kutembea sana au kupanda ngazi kwa sababu plastiki inasugua. Anywe maji, apumzike, utapauka. Damu nzito kama sosi ya nyanya, mabonge, au kushindwa kukojoa, hapo arudi hospitali bila kungoja.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi, hasa ikiwa na kutetemeka, ni dharura ya siku hiyo hiyo. Usingoje kesho. Lakini jihadharini na kosa la upande wa pili: kijiti cha kupima mkojo kwa mwenye stenti karibu kila mara kitaonyesha damu na chembe nyeupe hata kama hana maambukizi. Mgonjwa asiye na homa asipewe antibayotiki kwa sababu ya kijiti tu. Mkojo wake uoteshwe maabara kuona kama una vijidudu.

Na kwa madaktari wenzangu: dalili zikizidi kiasi, piga eksirei uone ncha ya chini iko wapi. Duara la kibofuni likivuka mstari wa katikati kwenda upande wa pili, stenti ni ndefu kuliko mgonjwa. Huyo hahitaji kidonge cha nne. Anahitaji itolewe mapema, au ibadilishwe kwa fupi kama muda bado.

MpiraNaMfuko:
Niendelee na mpira wa mkojo. Nesi, karatasi yako ianze na sentensi hii: mkojo ukipita pembeni, usiombe mpira mnene.

Kibofu kinapokaza ghafla kinasukuma mkojo kwa nguvu kuliko tundu la mpira linavyoweza kupitisha, basi unatafuta njia pembeni. Mpira mnene unakera zaidi, kibofu kinakaza zaidi, mkojo unavuja zaidi. Puto linaloushikilia mpira ndani ya kibofu nalo hivyo hivyo. Mpira wa kawaida puto lake hujazwa mililita 10 za maji safi yaliyotakaswa. Anayeongeza maji kwenye puto "likae vizuri" anaongeza uzito juu ya sehemu ile ile yenye fahamu nyingi. (Baada ya kukwangua tezi dume puto hujazwa zaidi, 30 hadi 50, na wakati mwingine huvutwa ili kubana damu. Huo ni uamuzi wa daktari, na mvuto huo unapaswa kulegezwa kwa wakati. Mara nyingi mgonjwa anayelia usiku wa kwanza ni yule ambaye mvuto wake umesahauliwa.)

Kabla ya dawa yoyote, fuata mpira kwa vidole kuanzia mwilini hadi mfukoni. Umepinda? Mgonjwa ameulalia? Mfuko uko juu ya usawa wa kibofu, au umewekwa sakafuni na mrija umetengeneza kitanzi kinachoshika mkojo? Umejaa zaidi ya nusu na unavuta? Kisha shika tumbo la chini. Kama hakuna tone lililoingia mfukoni kwa saa 1 au 2 na tumbo ni gumu na linauma, hicho si kibofu kukaza tu, mpira umeziba, mara nyingi kwa bonge la damu. Muuguzi ausafishe kwa sirinji ya mililita 50 yenye maji ya chumvi yaliyotakaswa, polepole, akiyarudisha. Kumpa huyu dawa ya kutuliza kibofu ni kumchelewesha.

Mpira ukiwa wazi na bado anabanwa, hapo dawa ya kutuliza kibofu ina kazi: oksibutinini miligramu 5 mara 2 au 3 kwa siku, au solifenasini. Isimamishwe siku moja kabla ya kutoa mpira, la sivyo kibofu kilicholegezwa kinaweza kukataa kukojoa na mgonjwa akarudishiwa mpira.

Halafu kuna uchungu wa ncha ya uume ambao hakuna anayeuandika, na ndio unaomnyima mtu usingizi. Unatokana na mpira kuvutwa na kusugua. Bandika mpira pajani kwa plasta au mkanda wake, ukiacha ulegevu kidogo ili mtu akinyoosha mguu usivutwe. Jaribu hapo hapo kitandani: mwambie akunje goti, anyooshe, asimame. Kama mpira unakaza popote, bandika upya. Badilisha paja kila siku. Damu iliyokauka kwenye tundu inakuwa kama msasa, kwa hiyo ioshwe kwa sabuni laini na maji mara 2 kwa siku, kisha jeli kidogo ya ganzi ya lignokeini asilimia 2, au jeli nyingine ya maji. Mafuta ya mgando yasipakwe kwenye mpira wa mkojo uliotengenezwa kwa lateksi, yanaudhoofisha. Ambaye hajatahiriwa avute govi nyuma kuosha, na LAZIMA alirudishe mbele, maana likibaki nyuma linavimba na kukaba kichwa cha uume.

Aliyetolewa tezi dume yote kwa matundu aandikiwe mistari miwili ya ziada kwenye karatasi. Mpira wake umekaa juu ya mshono mpya, ukitoka kwa bahati mbaya mtu yeyote asijaribu kuurudisha, apigiwe daktari wa upasuaji. Pia asiwekewe kitu chochote njia ya haja kubwa, si dawa ya kuingiza, si enema (maji ya kusafisha utumbo), kwa kuwa utumbo uko jirani kabisa na mshono huo. Hapo diklofenaki ya kuingiza nyuma haina nafasi. Korodani zake zikivimba asishtuke, alaze taulo lililokunjwa chini yake akiwa kitandani na avae chupi ya kubana kiasi akitembea.

UsingiziSalama:
La bega nalichukua mimi, mtu wa dawa za usingizi.

Katika upasuaji wa matundu tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksidi, kwa kawaida presha ya milimita 12 hadi 15 za zebaki, ili kamera ipate nafasi. Gesi inanyoosha kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, na inayobaki inayeyuka kwenye unyevu wa utando na kuwa asidi hafifu inayokera. Kiwambo hicho kinapata fahamu kupitia mshipa unaotoka shingoni, pingili za 3 hadi 5, na ngozi ya bega inatumia mizizi hiyo hiyo. Ubongo unakosea anwani, na mtu anaumwa bega ambalo halijaguswa.

Kinachoyatambulisha maumivu haya: yanaanza au kuzidi mgonjwa akikaa wima, kwa sababu gesi inapanda, na yanapungua akilala chali. Kwa wengi huisha ndani ya siku 2 au 3. Alale bila mito mingi kwa muda mfupi mfupi, atembee kidogo kila baada ya saa 2 au 3 akiwa macho, apewe parasetamoli kwa ratiba. Bega likija na kifua kubanwa, jasho, pumzi kukata au maumivu kushuka mkononi, usilifasiri kama gesi. Akapimwe moyo. Vivyo hivyo akapimwe shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, kwani damu iliyoganda mguuni inaweza kwenda mapafuni.

Ila kazi kubwa hapa ni ya chumba cha upasuaji, si ya karatasi. Presha ya 8 hadi 10 pale ambapo daktari bado anaona vizuri inapunguza maumivu ya bega. Mwishoni, kabla ya kutoa mirija ya matundu, fungueni vali, kichwa kikiwa chini, nami nimpe mgonjwa pumzi kubwa tano za polepole ili kiwambo kiisukume gesi nje. Ni kazi ya dakika moja, na mara nyingi inarukwa kwa sababu kila mtu anataka kufunga.

Matundu yenyewe yachomwe ganzi kutoka kwenye ngozi hadi kwenye utando. Bupivakeini ya asilimia 0.25 ina miligramu 2.5 kwa kila mililita, na kikomo ni miligramu 2 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 asizidishe mililita 48 kwa jumla, matundu yote pamoja. Andikeni kiasi kilichotumika, asije mwingine akaongeza wodini.

Kuamka kitandani kuelekezwe kwa vitendo. Asinyanyuke moja kwa moja kama anayekaa ghafla. Ageuke ubavu, ashushe miguu yote miwili nje ya kitanda, kisha ajisukume kwa mkono huku uzito wa miguu ukimnyanyua. Akikohoa, akumbatie mto tumboni.

DukaLaDawa:
Niongeze ratiba, maana hapo ndipo mgonjwa anapopotea. "Ukiumwa meza" ni maelekezo mabaya kwa siku 3 za kwanza. Maumivu yakishapanda huchukua muda mrefu kushuka.

Parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku. Isizidi gramu 4 kwa siku. Mwenye uzito chini ya kilo 50 au ini dhaifu apunguziwe na daktari. Mwambieni asome pakiti za dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani na anajikuta amemeza mara mbili bila kujua.

Diklofenaki miligramu 50 pamoja na chakula, mara 2 au 3 kwa siku, jumla isizidi 150, kwa siku 3 hadi 5. Si pamoja na ibuprofeni, kundi ni moja, faida haiongezeki bali madhara. Asipewe mwenye figo dhaifu, vidonda vya tumbo, moyo dhaifu, mjamzito wa miezi ya mwisho, wala aliyetapika hadi kukauka maji. Anayetumia dawa za presha pamoja na za kukojoza aulizwe kwanza, maana mchanganyiko huo na diklofenaki unaumiza figo. Aliyekatwa kipande cha figo, au anayevuja damu baada ya kukwangua tezi dume, asianze bila neno la aliyempasua.

Tamsulosini imezwe nzima baada ya mlo ule ule kila siku. Dozi za mwanzo zinaweza kushusha presha, ainuke taratibu. Wanaume waambiwe kwamba shahawa zinaweza zisionekane wakati wa tendo, na kwamba hali hiyo huisha dawa ikikoma. Wasipoambiwa wanaiacha kimyakimya. Anayesubiri upasuaji wa mtoto wa jicho amjulishe daktari wake wa macho.

Dawa za kutuliza kibofu zinakausha mdomo na kufunga choo, na mwenye glaukoma ya pembe finyu (aina ya ugonjwa wa presha ya jicho) asipewe. Kwa sababu hiyo, na hasa akiwa anatumia tramadoli (dawa kali ya maumivu), apewe cha kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Tramadoli yenyewe sipendi iwe ya kwanza: inafunga choo, inazuia mkojo, inaleta kichefuchefu, na haigusi kile kinachokaza. Iwe ya akiba, vidonge vichache.

Ipo pia fenazopiridini miligramu 200 mara 3 kwa siku baada ya kula, kwa siku 2 tu, ya kupoza mchomo wa mkojo. Inageuza mkojo kuwa wa chungwa na kutia doa nguo. Mwenye figo dhaifu au upungufu wa kimeng'enya cha G6PD asiitumie.

NesiZamu:
Asanteni sana, naandika huku nikisoma. Limebaki siku ya kutoa stenti. Wengine wana uzi unaoning'inia nje, wengine wanarudi kwenye kamera. Wanaogopa siku hiyo kuliko operesheni.

KameraNaMawe:
Kwa wote wawili, kama hana katazo, diklofenaki miligramu 50 na chakula kama saa 1 kabla. Sababu ni kwamba uchungu mkubwa hauko kwenye kuvuta, uko saa chache baadaye. Stenti ikitoka, mrija wa figo hukaza na uvimbe uliobaki hushikilia mkojo, na ubavu unaweza kuuma kama siku ya jiwe. Kwa kawaida hutulia ndani ya siku 1 au 2. Aendelee na maji kidogo kidogo na tamsulosini kama daktari alivyosema. Ukizidi licha ya dawa, au ukija na homa, arudi apimwe kwa altrasaundi.

Wa kamera: jeli ya lignokeini iwekwe taratibu, ikae dakika kadhaa kabla ya kuanza. Kuimimina na kuingia papo hapo ni kama hujaiweka. Kwa mwanaume, kamera inapofika kwenye msuli wa kubana mkojo, mwambie afanye kama anakojoa na avute pumzi ndefu, huku msaidizi akiubonyeza mfuko wa maji ili maji yafungue njia mbele ya kamera. Hatua hiyo ndogo inapunguza sana maumivu.

Wa uzi: ubandikwe kwenye uume, au kinenani kwa mwanamke, na aelezwe kuwa ukishikwa na chupi au taulo stenti inaweza kutoka kabla ya siku yake. Ikitoka nusu asiirudishe, na mkojo utavuja hadi itolewe yote, kwa hiyo apige simu. Siku yenyewe avute kwa mwendo mmoja usiokatika, taratibu, akitoa pumzi. Kisha aiangalie: lazima awe na ncha mbili zilizojikunja mkononi.

Asiye na uzi ndiye wa kuogopewa zaidi, kwa sababu hana kinachomkumbusha. Stenti iliyopitiliza miezi 3 huanza kufunikwa na chumvi za mawe, na kuitoa kunaweza kugeuka operesheni nyingine. Kwa hiyo juu kabisa ya karatasi, kwa maandishi makubwa: NINA STENTI UPANDE WA ___, ITOLEWE TAREHE ___. Namba yake ya simu ibaki kwenye daftari la wodi, na anayetoa stenti ndiye anayeifuta namba hiyo.